Chupa ya kulalia: mtoto bado anaihitaji, ameizoea tu, au kuna tatizo jingine?

Malalamiko ya wazazi kuhusu maziwa ya usiku yanafanana sana. Mmoja atasema, "Ana mwaka na nusu, halali mpaka aone chupa." Mwingine, "Saa nane usiku ameshaamka anadai." Wa tatu, "Ugali hagusi, ila maziwa hata lita anamaliza." Na bibi akiwepo nyumbani ana lake: mtoto halazwi na njaa.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu iliyotangulia ndiyo inayokutwa mara nyingi zaidi, kwa hiyo ikague hiyo kabla ya kushuka. Tena, ukiamshwa usiku, tafuta jibu mchana: alikula nini, alilala saa ngapi, alishinda na nani. Kwa mtoto aliyevuka mwaka na anayekua vizuri, mara nyingi chupa ya usiku inaziba pengo la mchana. Wakati mwingine haizibi chochote.

Anza na umri

Chini ya miezi 6 hakuna cha kutatua. Maziwa ndiyo chakula chake na ndiyo maji yake, na kuamka kunyonya mara kadhaa usiku ni kawaida kabisa. Usimpe maji ili asahau, wala usimpe uji ili alale.

Kati ya miezi 6 na 12 maziwa bado yanabeba sehemu kubwa ya lishe, na watoto wengi huhitaji kunyonya usiku. Boresha chakula cha jioni, lakini usikate maziwa kwa nguvu.

Kuanzia mwaka 1, mtoto mwenye afya, anayekula milo mitatu au zaidi na kitu kidogo katikati, na ambaye uzito wake unapanda vizuri kwenye kadi ya kliniki, anaweza kupitisha usiku bila maziwa. Anaweza, hatujasema lazima. Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha hadi miaka 2 na kuendelea, kwa hiyo mtoto anayelala baada ya kunyonya ziwa la mama hana kosa. Yanayosumbua zaidi ni chupa, maziwa ya ng'ombe na maziwa ya kopo.

Aliyezaliwa njiti hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Na kama mtoto ana ugonjwa wa moyo, ana selimundu, au yuko kwenye matibabu ya utapiamlo, usipunguze chochote kabla ya kuzungumza na wanaomtibu.

Dalili: halali mpaka apewe chupa

*Mazoea.* Hii ndiyo sababu kubwa. Amejifunza kwamba usingizi unakuja na chuchu mdomoni, basi bila chuchu hajui aanzie wapi. Kipimo ni rahisi: angalia kilichobaki kwenye chupa. Anayevuta mililita 30 au 50 kisha macho yanafunga hakuwa na njaa. Jaribu pia kumpa ndizi mbivu, kipande cha kiazi au uji kwa kijiko. Mwenye njaa atapokea japo kidogo. Anayesukuma kila kitu na kuonyesha chupa kwa kidole ameshakujibu.

*Njaa ya kweli.* Nyumba nyingi chakula cha usiku kinaiva saa mbili au saa tatu. Mtoto wa mwaka na nusu saa hiyo anasinzia. Anawekewa vijiko vitatu mdomoni, anageuza uso, kisha anapewa chupa "asilale hivi hivi". Hapo chupa ndiyo imekuwa chakula cha jioni. Mlishe yeye kwanza, saa kumi na mbili au kumi na mbili na nusu jioni, hata kama watu wazima watakula baadaye. Kama kitoweo hakijaiva, yai na kiazi vinatosha. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko, wenye karanga zilizosagwa au mafuta kidogo. Uji mwepesi wa kunywewa unajaza tumbo maji na baada ya saa mbili njaa iko pale pale.

*Hajachoka.* Aliyelala mchana hadi saa kumi na moja jioni hawezi kulala saa moja usiku, na chupa inageuka chombo cha kumlazimisha. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji jumla ya saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, pamoja na ule wa mchana; wa miaka 3 hadi 4, saa 10 hadi 13. Hesabu kwanza. Ukikuta usingizi wake wa mchana unafika muda wa saa tatu, punguza huko.

Marekebisho ya dalili hii ni kusogeza maziwa, si kuyafuta. Mpangilio uwe chakula, kisha maziwa kwenye kikombe akiwa amekaa, kisha mswaki, kisha kitanda na wimbo au hadithi. Maziwa yakitangulia mswaki, nusu ya matatizo yaliyo kwenye mwongozo huu yanaisha.

Dalili: anaamka usiku kudai maziwa

Watoto wote huzinduka mara kadhaa kila usiku, na watu wazima pia. Aliyelala akinyonya akizinduka anatafuta alichokiacha. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na dawa yake ni kumlaza akiwa na usingizi ila hajalala kabisa, bila kitu mdomoni. Akiamka, mpapase, mwambie neno moja au mawili kwa sauti ya chini, usiwashe taa. Mpe maji kidogo kwenye kikombe kama ni msimu wa joto. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari hana haja ya kuelezwa kwa nini.

Sababu ya pili inawahusu akina mama wanaofanya kazi. Sheria ya kazi ya Tanzania inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kenya ni miezi 3. Likizo ikiisha mtoto anashinda na dada au bibi, anakunywa kidogo mchana, kisha usiku anadai deni lake lote. Mama anadhani mtoto amekuwa mlafi, kumbe amehamisha tu saa za kunyonya. Kwa aliye chini ya mwaka, mwache anyonye usiku, kisha ongeza mchana: kamua maziwa yaachwe kwa kikombe, mnyonyeshe kabla ya kutoka na mara tu unapoingia mlangoni. Sheria hiyo ya Tanzania inampa mama hadi saa 2 ndani ya saa za kazi kwa ajili ya kunyonyesha. Ziulizie, wengi hawazichukui. Kwa aliyevuka mwaka, tatizo la kweli ni anacholishwa mchana. Muulize dada, bila ukali, mtoto alikula nini saa saba, na mkubaliane namna ya kuandika anachokula. Ukali utakupa majibu ya kukufurahisha tu.

Baada ya hapo kuna sababu za mwili: meno yanaota, pua imeziba, sikio linauma, minyoo inawasha usiku. Mtoto aliyekuwa akilala vizuri kisha ghafla akaanza kuamka ana jambo. Usianze kumwachisha chupa wiki hiyo.

Iko moja ambayo wazazi huipita. Anayekoroma kila usiku, anapumua kwa mdomo, analala kichwa kimerudi nyuma na kutokwa jasho jingi, anaweza kuwa na nyama za puani. Mdomo unakauka, anaamka, anadai cha kunywa. Huyu anahitaji daktari wa masikio, pua na koo, na hasa kama kuna vipindi ambapo anaacha kupumua kwa sekunde kadhaa kisha anashtuka.

Dalili: anakunywa maziwa tu, chakula hataki

Hapa ndipo ningemwomba mzazi asimame zaidi, kwa sababu ndipo watoto wanapoumia kimya kimya huku wakionekana wanene.

Kwanza jambo la kutuliza moyo. Mwaka wa kwanza mtoto huongeza kilo 6 au 7. Mwaka wa pili ni kama kilo 2 na nusu tu. Hamu ya kula inapungua kwa kawaida baada ya kusherehekea mwaka. Mzazi anaona sahani inarudi, anaogopa, anaongeza maziwa "angalau apate kitu". Na maziwa hayo ndiyo yanayozidi kuua hamu.

Piga hesabu. Mililita 250 za maziwa yasiyoondolewa mafuta zina takribani kalori 150 na ushee. Chupa tatu kama hizo zinakaribia nusu ya kalori ambazo mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji kwa siku nzima. Atakuwa na njaa ya ugali saa ngapi?

Shida haiishii kwenye kushiba. Lita nzima ya maziwa ya ng'ombe haina hata miligramu 1 ya madini ya chuma, wakati mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji takribani miligramu 7 kwa siku. Juu ya hapo, kalsiamu na protini za maziwa hupunguza chuma kinachofyonzwa kutoka kwenye chakula kingine, na chai, hata ikiwa ya maziwa, inaongeza tatizo. Mwisho wake ni upungufu wa damu. Mtoto anachoka haraka, analialia, hamu ya kula inazidi kupotea, mwingine anaanza kula udongo. Wanaokunywa maziwa mengi pia hufunga choo, na tumbo lililofunga halitaki chakula.

Ukaguzi wa nyumbani: weka kiganja chake kando ya chako mwangani. Kikiwa kimepauka kuliko chako, nenda kituo cha afya akapimwe damu. Usinunue dawa ya kuongeza damu duka la dawa kwa kukisia, kwani chuma kikizidi ni sumu kwa mtoto, na upungufu wa damu huku kwetu unaweza kuwa umeletwa na malaria, minyoo au selimundu.

Kisha shika karatasi, andika siku tatu mfululizo kila kinachoingia mdomoni: maziwa kwa mililita, chakula kwa vijiko, juisi, biskuti, chai. Mwambie na dada aandike. Karatasi hii hutatua ubishi mwingi, maana "anakunywa kidogo tu" mara nyingi huwa mililita 800.

Kwa mtoto asiyenyonya tena, wa miezi 6 hadi 24, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulitaja mililita 200 hadi 400 za maziwa kwa siku ikiwa anapata mayai, samaki au nyama. Asipopata vyakula hivyo, 300 hadi 500. Kwa hiyo nusu lita ndiyo iwe dari yako. Mpe baada ya chakula, kwa kikombe. Chuma kitoke kwenye maini, nyama, dagaa waliosagwa, maharage na kunde, pamoja na chungwa au ndimu inayosaidia chuma kufyonzwa. Chai iondoke kwenye mlo wake.

Na maziwa ya kopo ya "ukuaji", yenye picha ya mtoto anayecheka? Mtoto aliyevuka mwaka na anayekula chakula cha kawaida hayahitaji. Bei ya kopo moja inanunua trei ya mayai na chenji inabaki.

Dalili: meno ya mbele yana weupe au yameanza kahawia

Mara nyingi sababu ni kulala na chupa. Usingizini mate hupungua, maziwa yanabaki yamezunguka meno, bakteria wanageuza sukari iliyomo kuwa tindikali. Aliyewekewa sukari ndani ya maziwa, au juisi kwenye chupa, anaharibikiwa haraka zaidi. (Asali iwe marufuku kabisa chini ya mwaka 1, kwa sababu nyingine: inaweza kubeba vijidudu vya sumu ya kupoozesha.)

Mlaze magotini, inua mdomo wa juu, tazama mpaka wa jino na ufizi. Mstari mweupe kama chokaa ni hatua ya mwanzo ambayo bado inaweza kurudishwa: ondoa chupa kitandani, piga mswaki asubuhi na usiku kwa dawa yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3. Rangi ya kahawia, tundu au jino linalovunjika ni la daktari wa meno. Usisubiri kwa kuwa "meno ya utoto yatang'oka": ya mbele hung'oka karibu na miaka 6 au 7, magego mengine hadi miaka 10 au 12. Ni muda mrefu wa kutafunia maumivu.

Dalili: tumbo, kifua au masikio vinasumbua

Kuharisha: kabla ya kulaumu maziwa yenyewe, kagua yalivyotunzwa. Ile tabia ya kuweka maziwa ya usiku mzima kwenye chupa ya chai ili yabaki vuguvugu ni kuwafugia vijidudu. Maziwa ya kopo yaliyokwisha kukorogwa yasikae zaidi ya saa 2 nje ya friji. Weka maji ya moto peke yake, unga peke yake, koroga anapohitaji. Maziwa ya ng'ombe ya kununua kwa jirani au kwa muuza maziwa wa baiskeli yachemshwe yatokote, hata kama mwenye ng'ombe anaapa. Kifua kikuu na bruselosi hupita humo. Chuchu na chupa zina kona ambazo brashi haifiki, na hiyo ni sababu nyingine ya kuhamia kikombe.

Kukohoa au kucheua mara anapolala: alishwe angalau nusu saa kabla ya kulala, akae wima. Maziwa hayatengenezi makohozi, ingawa tumbo lililojaa linaweza kuyarudisha hadi kooni. Masikio kuuma mara kwa mara: kwa watoto njia ya kutoka kooni kwenda sikioni ni fupi na imelala, hivyo kunywa chupa akiwa chali kunasaidia maambukizi. Sikio likitoa usaha, nenda hospitali. Usitie mafuta wala maziwa ya mama.

Dalili: nepi inafurika, kitanda kinalowa

Karibu kila mara ni hesabu tu: mililita 250 zimeingia saa tatu usiku, zinatoka saa tisa. Sogeza kinywaji kabla ya hapo. Ila mtoto aliyekwisha kukauka akaanza tena kulowesha, ana kiu isiyoisha, anakojoa sana na anapungua mwili, usimpunguzie maji na usingoje kesho. Mpeleke siku hiyo hiyo apimwe sukari. Kisukari cha watoto huanza hivyo, na kikicheleweshwa kinaua.

Dalili: ameachishwa maziwa, sasa anapungua

Mtaani watasema amebemendwa: mama ameshika mimba nyingine, au wazazi wamekutana kabla ya wakati. Kinachokutwa kliniki ni cha kawaida zaidi. Ziwa lilikatwa ghafla, badala yake ukaja uji mwepesi, na mara nyingi kuharisha kukafuatia. Mimba haifanyi maziwa ya mama kuwa sumu. Mama mwenye mimba isiyo na matatizo anaweza kuendelea kunyonyesha mradi ale vya kutosha. Rudisha maziwa kwa kikombe, mpe milo 4 au 5 kwa siku, na mpeleke akapimwe. Miguu ikivimba, nywele zikawa nyembamba na za rangi ya kahawia, au utepe wa kliniki wa kupimia mzunguko wa mkono ukasoma chini ya sentimita 11.5, hiyo si kazi ya mganga wala ya jikoni kwako.

Ukiamua kuiondoa chupa

Lengo zuri ni kuwa ameiacha kati ya miezi 12 na 18. Kadiri anavyokua ndivyo anavyojua kubishana. Usianze akiwa mgonjwa, mkiwa mnahama, dada akiwa amebadilika au mtoto mchanga amefika juzi.

Ondoa za mchana kwanza. Ile ya usiku ipunguze mililita 30 kila baada ya siku mbili au tatu, au iongezee maji kidogo kidogo mpaka yawe maji matupu. Njia hii ya maji ni kwa aliyevuka mwaka na anayekula vizuri tu. Kuzimua maziwa ya mtoto mchanga ni hatari. Atalia siku kadhaa. Kaa naye, mshike, lakini mkubaliane nyumba nzima, kwani baba au bibi akilegea usiku wa tatu mmerudi mlikoanzia.

Kwa ziwa, usipake pilipili. Shubiri na mwarobaini ndiyo njia za zamani na zinafanya kazi kwa kumtisha mtoto, ila kupunguza mara moja moja, na baba kumlaza usiku, kunamwacha mama bila maziwa yaliyojaa na kuuma. Mama anayetumia dawa za kufubaza VVU asiache ghafla. Azungumze na kliniki, apunguze ndani ya kipindi cha kama mwezi huku dawa zikiendelea. Na asitokee mtu wa kumpa mtoto dawa ya mafua ili asinzie.

Acha kujaribu nyumbani

Nenda kituo cha afya sasa hivi, hata usiku, ikiwa mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, anapumua kwa shida, macho yamedidimia na hajakojoa kwa muda mrefu, au viganja vimekuwa vyeupe kabisa.

Ndani ya siku chache: uzito umesimama au kushuka kwenye kadi, utepe wa mkono uko kwenye njano, yaani kati ya sentimita 11.5 na 12.5, anakataa chakula kigumu chote baada ya mwaka 1, anapaliwa kila anapokula, au umepunguza maziwa wiki mbili na chakula bado hagusi. Beba kadi ya kliniki na karatasi yako ya siku tatu, na kama aliyeshinda naye mchana anaweza kuja, mje naye. Maswali mengi ya daktari yatamwangukia yeye.